Bipu, Msusi Aliyempunguzia Kaka Yake Mbio za Pumzi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka msusi mmoja ambaye mtaani walimwita Bipu. Figo zilimsumbua muda mrefu, na wiki iliyopita akatutoka. Alikuwa msusi, lakini pia mtunzi wa muziki. Na muziki wake wote aliutunga kwenye gemu ya mkononi. Ndiyo, gemu, hizi hizi wanazochezea watoto.

Ilianzaje? Mpwa wake aliichoka gemu yake, akaitupa saluni. Siku wateja walipokuwa wachache, Bipu akaiwasha. Ndani akakuta programu ya sinthesaiza: unachora wimbi la sauti kwa kikalamu cha plastiki, kifaa kinaliimba. Wimbi lake la kwanza lililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Akacheka mpaka machozi. Tangu hapo, mteja akikaa chini ya kikaushio cha nywele, yeye yuko pembeni: bip, bip, bip.

Kaka yake, fundi mwashi, hakupenda. "Nilimwambia wazi," anasema kaka mtu. "Mtu mzima na gemu! Unatuchekesha, mdogo wangu."

Naye Bipu alikuwa akimjibu: "Sikiliza kwanza, kaka, ndipo unigombeze."

Kaka hakusikiliza.

Basi asubuhi moja walikwenda kumjulia hali shangazi yao, ghorofa ya tisa. Waliingia kwenye lifti wamenuniana. Pamoja nao aliingia fundi mmoja, mpaka rangi wa nyumba, na ndoo yake. Katikati ya safari umeme ukakatika. Lifti ikashtuka, ikasimama. Ndoo ikapinduka, rangi ikatapakaa sakafuni, harufu kali ikajaa.

Kaka mtu ana pumu. Narudia, ana pumu. Na dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye koti, na koti ameliacha garini.

Mpaka rangi akapiga mlango kwa ngumi. "Tuko humu! Kuna mgonjwa!"

Sauti ikajibu kutoka mbali: fundi wa lifti anatafutwa. Simu hazikushika mtandao. Kaka akateleza mpaka chini, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikilia kama filimbi. Midomo ikaanza kupoteza rangi.

Bipu akachomoa gemu mkobani. Hakutafuta wimbo wa kupendeza. Alichukua mdundo mmoja mzito, akauweka kwenye mwendo wa pumzi za kaka yake, mbio mbio. Kisha akaanza kuupunguza. Kidogo. Kidogo tena.

"Kaka, nitazame. Mdundo ukishuka, toa pumzi. Toa yote."

"Si... siwezi."

"Unaweza. Niko hapa. Toa."

Mdundo ukapungua, pumzi ikaufuata. Mara taa ya betri ikawa nyekundu. Akapunguza mwanga, akapunguza sauti. Wapi! Gemu ikazimika.

Kaka akamkamata mkono, macho yamemtoka. Bipu akaendelea kwa mdomo, "dum... dum...", akimgonga begani taratibu. Mpaka rangi, viatu vimelowa, akaingiza "tss" yake katikati.

"Nilidhani tunazika mtu humo," alituambia. "Nikaona heri niimbe vibaya kuliko nilie."

Waliimba hivyo mpaka mlango ulipobanduliwa kwa vyuma, na mtu akakimbilia dawa garini. Kaka alitoka hai, hoi kama aliyebeba zege kutwa. Alipopata sauti, akauliza, "Kumbe ndiyo kazi yenyewe?"

"Hiyo robo tu, kaka. Hujasikia vinanda."

Akavisikia. Kila alipopata nafasi alikaa saluni, kofia magotini, akisikiliza. Na Bipu alipolazwa, vidole vikamvimba hata kikalamu hakishikiki, kaka ndiye aliyechora. Bipu anasema, kaka anachora. Wimbo wa mwisho waliumaliza hivyo.

"Mahali fulani niliteleza," anasema kaka. "Nikataka kufuta. Akaniambia, 'Umekosea, kaka, lakini acha. Panapendeza.'"

Kwako kaka mtu, kwa shangazi, kwa mpwa, na kwa wateja wote wa saluni ile, poleni sana. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tujiulize: nyumbani kwako ni nani anayeinamia kazi ambayo hujawahi kuuliza ni nini? Muulize leo, maadamu yupo wa kukujibu.

Wimbo huo tunauweka sasa. Kosa la kaka limo. Hatukuligusa.