Fainali ya Bi Marjatta, Ruwi, Mwaka Tisini na Nane

Wasikilizaji wapendwa, wallahi haya nitakayosema leo ni kweli tupu. Kila neno. Nikiongopa hata chembe, kafara ya kiapo, kulisha masikini kumi, iwe juu yangu. Mnanijua mie Musallam, na chumvi yangu hapa redioni, na najua mshaanza kucheka. Leo msicheke. Bi Marjatta Hakala amefariki. Amefariki wiki iliyopita, kwao Finland, ana miaka arubaini na tano.

Bi Marjatta alikuwa mchezaji wa badminton, ule mpira wa vinyoya. Kwao alifika fainali ya taifa mara tatu, na mara tatu alitoka wa pili. Mara tatu, wapendwa. Mama yake alizitundika medali zile sebuleni. Yeye akazishusha, akazificha kabatini nyuma ya vikombe vya chai. Na alikuwa na mkono, nakwambieni! Akipiga kinyoya hapa Ruwi, watu wa Bustan, kule ng'ambo ya mlima, wanainamisha vichwa.

Alikuja Maskati mwaka tisini na tano, kamfuata mumewe, mhandisi. Goti lishaanza kumsumbua. Akawa anawafundisha wanawake wetu kwenye ukumbi mmoja Wattaya. Siku ya kwanza alizima kiyoyozi. Mwezi wa Juni! Kinyoya ni chepesi, upepo kidogo tu hukipeleka kando. Kheiria, mwanafunzi wake, alikuja kunihadithia baadaye: "Ami, tulikuwa tunaiva mle kama biriani. Tunamlilia, mwalimu, washa dakika moja tu. Hataki. Na yeye ndiye mwekundu kuliko sote."

Mwaka tisini na nane daktari akamwambia goti basi. Lilibaki shindano moja, la vilabu, pale Ruwi. Alitaka kikombe kimoja tu. Kimoja, kabla ya kuweka raketi chini. Akafika fainali. Msimamizi wa ukumbi nilikuwa mie. Seti ya tatu, kumi kwa tisa. Pointi moja tu, kikombe chake. Jasho linamchuruzika mpaka viatuni. Akapiga kinyoya kirefu, kikaenda vizuri, kikaenda... mara mtu akafungua mlango! Upepo wa jangwani ukaingia, ukakisukuma nje. Akapoteza pointi ile, kisha akapoteza na mchezo. Upepo, wapendwa. Qadari ya Mungu.

Simu inalia. Haya, tumpokee msikilizaji.

"Shikamoo, Ami Musallam. Kheiria hapa."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa mwalimu wako."

"Nshapoa. Ami, mlango gani uliofunguliwa?"

"Ule... wa mbele."

"Wa mbele nilikuwa nimeuegemea mie. Mwalimu mwenyewe aliniweka pale, mtu asifungue. Na mwengine hakuna. Sema, Ami. Usiposema wewe, nasema mie."

Wasikilizaji wapendwa.

Niliwasha kiyoyozi. Mie. Nilimwona mgeni anaungua kwa joto, nikaona haya. Mgeni atoke jasho namna ile, na mie mwenye ukumbi nnamtazama? Nilidhani wamesahau kuwasha. Nikaenda kwenye swichi, nikakifungulia mpaka mwisho. Mambo ya kinyoya sikuyajua. Niliyajua pale alipoinua uso, akatazama juu, kule upepo unakotoka.

"Kheiria, alijua kama ni mie?"

"Alijua siku ile ile. Akatukataza tusikwambie. Alisema, yule bwana alinihurumia. Mkimwambia, hatapata usingizi."

Miaka tisa nausingizia upepo. Miaka tisa yeye kaninyamazia. Kabla hajarudi kwao, akipita ukumbini ananiamkia, ananiuliza hali ya wajukuu.

Kwa mumewe, kwa binti yake, na kwa mama yake mzazi aliyebaki na zile medali: poleni sana. Mungu awape subira. Na mie nnawaomba radhi, kwa jina langu. Nanyi mlio majumbani, kama yuko mtu mliyemharibia jambo lake, hata kwa nia njema, mwendeeni leo mkamwambie. Mie nimechelewa.

Kheiria, usikate simu. Kesho adhuhuri njoo kwangu, uje na sufuria yako kubwa. Kiapo nimekivunja hewani, watu wote wamesikia. Tuna masikini kumi wa kulisha.