Tofali la Buluu pale Steji

Mwaka wa sabini na sita, baada ya swala ya alasiri, ukikata kona nyuma ya steji ya basi ya Shauri Moyo, ungekuta benchi la mbao limeegemea ukuta na Mzee Kombo amekaa na dele lake la kahawa ya tangawizi juu ya makaa. Ngigi, muuza mitumba, walimwita Redio, maana habari hazikumwishia. Mulama wa kiwanda cha sabuni aliitwa Dereva, ingawa hakuwahi kushika usukani hata wa mkokoteni. Abdurahim, fundi wa viatu, alikuwa Jaji, kwa sababu kila neno alilitolea hukumu. Twalib, fundi wa stovu, zamani aliitwa Kibiriti, kwa vile hakuchelewa kuwasha mzaha. Lakini tangu alipofiwa na mkewe, Zaitun, kabla ya Ramadhani, hakuna aliyemwita hivyo tena.

Siku ile Twalib alikuwa na neno zito. Mama Mumina alikuwa amemwekea chumba cha mbele katika nyumba yake inayotazamana na steji, na alitaka jibu kabla ya magharibi, maana kulikuwa na mtu mwingine aliyekingoja. Binti yake Twalib, Muhiba, alikuwa ameanza kazi ya kushona mjini. Kila jioni akishuka basi ilimbidi apite peke yake njia ya kando ya mto hadi chumba chao cha nyuma kabisa ya mtaa. Juzi alifika anahema, kiatu kimoja mkononi. Hakusema ni nini kilichomkimbiza, na baba yake hakuthubutu kuuliza mara ya pili.

— Sasa unangoja nini? Mzee Kombo alimuuliza akimmiminia. Chumba kile mtoto akishuka basi, amefika.

— Nafikiri, Mzee.

— Fikiri polepole, buda, Ngigi akadakia. Hiyo steji inahamishwa kwenda Ziwani. Juzi walikuja watu wawili na kamba, wakapima.

— Walikuwa wanapima mtaro, alisema Abdurahim. Niliwauliza mwenyewe.

— Kwani mtu akija kukuibia steji atakwambia anaiba steji?

— We Redio, tafuta stesheni nyingine, Mulama akasema. Shida si steji. Shida ni breki. Basi likisimama, ardhi inasukumwa kidogo. Kidogo tu, huwezi kuona. Nyumba ya Mumina inakwenda.

— Inakwenda wapi?

— Mjini! Basi linaelekea wapi? Mpe mwaka mmoja, Twalib ataamka asubuhi afungue mlango ajikute Muthurwa.

— Hapo kuna kesi, alisema Abdurahim, akiweka kikombe chini taratibu. Akifika Muthurwa, kodi anamlipa nani? Mumina, au mwenye kiwanja cha Muthurwa?

— Na nauli? Ngigi akapaza sauti. Huyo amesafirishwa! Utasikia kondakta anagonga dirisha: "Tiketi, mzee! Na huyo kuku chini ya kitanda, tiketi yake iko wapi?"

Walicheka wote. Twalib alitabasamu, halafu akaitazama kahawa yake. Hakuogopa breki wala kondakta. Alichoogopa ni steji yenyewe.

Watu wa pale walikuwa na desturi yao. Ukitoka swala ya alfajiri, au ukiamka tu, unakwenda kuweka kitu chako kwenye foleni ya basi la kwanza: jiwe, mkebe, kiatu kilichokwisha soli. Kisha unarudi nyumbani kunywa chai. Kile kitu kinakusimamia, na hakuna wa kukiruka. Zaitun, aliyekuwa akipeleka mahamri mjini, alikuwa na nusu ya tofali aliyoipaka rangi ya buluu, ile iliyobaki Twalib alipopaka mlango wao. Tangu azikwe, Twalib hakukanyaga pale. Akienda kazini alizunguka sokoni. Aliweza kustahimili kitanda kitupu na sufuria zilizonyamaza. Lakini kuiona ile foleni imesogea mbele, imeziba nafasi yake kana kwamba hakuwahi kusimama pale, hilo alimwomba Mungu amwepushe nalo. Na sasa alitakiwa ahamie chumba ambacho dirisha lake lingemwonyesha foleni hiyo kila siku.

Hapo ndipo mwanamke kijana alipotokea kwenye kona, leso kichwani, mkoba begani.

— Hamjambo, wazee. Mnisamehe kuwakata maneno. Mimi ni mgeni hapa, naitwa Beldina, natoka Butere. Nafanya kazi Industrial Area.

— Karibu, mama, alisema Kombo. Sema tu.

— Nina swali. Kila asubuhi pale steji natanguliwa na tofali la buluu. Basi likija, kila mtu anaokota chake anapanda. Lile linabaki. Kesho yake liko tena pale mbele, limefutwa vumbi. Sasa mwenyewe hupanda basi lini?

Redio alizimika. Mulama alipuliza kahawa aliyokwisha kuinywa. Jaji, aliyekuwa na hukumu ya kila jambo, alianza kukagua soli ya kiatu chake.

Twalib aliwatazama mmoja mmoja. Mulama ndiye aliyetangulia kuamka, kwa ajili ya zamu ya kiwandani. Siku asizokwenda Mulama, Abdurahim alipita pale akitoka msikitini, na Ngigi akienda sokoni. Miezi yote hiyo walimwekea Zaitun nafasi yake, bila kumwambia Twalib. Na leo walimpigia kelele za breki na kondakta ili asilazimike kusema anachokiogopa.

— Hapandi tena, binti yangu, alisema mwishowe. Alikuwa mke wangu.

— Woi! Pole sana, baba. Sikujua.

— Mungu amrehemu.

— Amina, wakasema wote, hata Ngigi na Mulama ambao sala yao ilikuwa ya Jumapili.

— Sasa nisikilize, mama. Kesho liweke wewe, likusimamie wewe. Nafasi ile imesimama mno bila mtu. Yeye mwenyewe angekusogezea zamani.

Beldina aliinamisha kichwa, akashukuru kwa sauti ndogo. Twalib akanywa kahawa yake hadi masimbi ya chini ya kikombe, akasimama, akavaa vizuri kofia yake.

— Unaenda wapi? Mulama aliuliza.

— Kwa Mumina, kabla ya adhana.

— Na nyumba ikihama?

— Ikipita hapa ikienda Muthurwa, nitawapungia mkono dirishani. Na wewe Dereva utakimbia nyuma yake, maana hata nyumba hujui kuiendesha.

Ngigi alijipiga paja kwa kicheko. Twalib hakuzunguka sokoni. Alikata kona, akashika njia ya steji.

— Kibiriti! Mzee Kombo akaita nyuma yake, dele mkononi. Wewe Kibiriti! Umesahau kulipa!

— Naam! akaitika Twalib, bila kugeuka. Utanikuta nyumbani. Pale mbele ya steji!