Bwana Ismael Apewa Nafasi Mbele ya Mgeni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Ismael Kibwana, Afisa Usafirishaji wa Ushirika wetu wa Wakulima wa Ufuta, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alianza akiwa utingo wa lori, akawa dereva, kisha akapewa meza na jukumu la kuhakikisha magari ya Ushirika yanatembea. Wakati huo magari yalikuwa matatu. Leo imebaki pikapu moja, lakini meza ipo.

Mafanikio yake yanaonekana kwa macho. Ndiye aliyevalisha viti vya pikapu vitambaa vya kufuma, akaweka maua ya plastiki kwenye dashibodi, na zulia ambalo abiria huombwa kuvua viatu kabla ya kulikanyaga. Wakulima wa Pande, waliposubiri gari lifuate magunia yao, waliambiwa liko kwenye matengenezo. Hawakudanganywa. Vifuniko vya magurudumu vilikuwa vinapakwa rangi.

Watumishi wapya huenda hawaijui hamu yake kubwa, nami nitaieleza. Kwetu Kilwa mgeni rasmi hasubiriwi ofisini. Huendewa njiani, Somanga, akaletwa kwa msafara. Msafara nao una mpangilio, na kila ofisi hupewa nafasi kwa kadiri ya hadhi yake. Ushirika siku zote uliwekwa nyuma kabisa, ukifuatana na gari la maji taka. Bwana Ismael alitaka, walau mara moja kabla ya kustaafu, gari letu litangulie lile la mgeni. Hoja yake ilikuwa kwamba kutoka Somanga hadi mjini Masoko mgeni hana la kutazama ila nyuma ya gari lililo mbele yake. Kwa hiyo, alisema, uso wa gari uko nyuma.

Mwezi Mei ikatangazwa ziara ya kufungua ghala, na ilikuwa ya mwisho katika utumishi wake. Akaagiza Dar es Salaam pambo la ekzosi, yaani kile kipande kinachong'aa ambacho huvishwa kwenye ncha ya bomba la moshi. Hakiongezi mwendo wala hakipunguzi mafuta. Kazi yake ni kung'aa. Kukifunga ni rahisi: ncha hupigwa msasa kutu itoke, pambo huvishwa na kunyooshwa, kisha bolti hukazwa. La kwetu lilipwaya, hivyo akajazia bati la kopo la maziwa. Kazi ya nusu saa ilichukua siku mbili, pamoja na kikao cha kamati kuhusu kama pambo litazame chini kidogo au limtazame mgeni moja kwa moja.

Bi Naima, dereva wetu, alilizunguka gari akatikisa kichwa. "Mzee Ismael, hili gari au biharusi?"

"Biharusi," alijibu. "Na wewe umeajiriwa kumpeleka, si kumsema."

Sijui kama waandaaji walivutiwa na pambo au walichoshwa na simu zake, ila nafasi tulipewa. Siku hiyo pale Somanga pikapu yetu ilipangwa mbele kabisa ya mahali pa gari la mgeni. Mgeni alichelewa, kama wageni wanavyopaswa. Malori yaliyokuwa yakisimama kando ya barabara yakatimua vumbi. Bwana Ismael, kwa kulionea huruma pambo, akavua kitambaa kimoja cha kiti, akakisokomeza ndani yake hadi kikakaza, akaacha ua la kufuma limechungulia nje.

Mgeni alipowasili, mambo yakawa ya haraka. Ngoma ikakatishwa, ving'ora vikalia, Bi Naima akawasha gari. Likaguna, likazima. Akawasha tena, likazima tena. Pikipiki za polisi zilikuwa zimeshapotelea mbele. Afisa itifaki akaja mbio. "Lisukumeni pembeni hili, linatuchelewesha."

Watu wakalizunguka boneti. Mmoja akasema betri, mwingine pampu, na muuza korosho akasema gari limetupiwa jicho. Bwana Ismael alisimama, mkono juu ya bodi, vijana wakijipanga kuisukuma nafasi aliyoingojea maisha yake yote ya kazi.

Ndipo mgeni mwenyewe aliposhuka. Akaenda nyuma ya pikapu, akainama, akavuta. Kitambaa kikatoka kirefu na cheusi.

"Mzee wangu," alisema, "tangu nimefika nalitazama ua hili. Nilidhani ndio mtindo wa huku."

Bwana Ismael alikipokea kwa mikono miwili. "Samahani sana, mheshimiwa. Na pambo je, umeliona?"

"Nimeliona. Linang'aa."

Gari likawaka mara moja. Afisa itifaki alitaka bado tuondolewe, lakini mgeni akasema tutangulie. Tukatangulia hadi Nangurukuru, tukakata kushoto, tukaingia Masoko. Bwana Ismael hakutazama mbele hata mara moja.

Ushirika unamshukuru kwa moyo wote. Bwana Ismael, Mwenyezi Mungu akujalie afya, usingizi mtamu na jamaa wa kukusikiliza huko nyumbani Kitomanga. Safari yako imeshapangwa: mizigo itapanda pikapu, nawe utafuata nyuma katika gari la kukodi, kiti cha mbele, ili ulitazame pambo njia nzima.