Chanfi Mmadi na Maji Aliyonyimwa Vouvouni

Marehemu Chanfi Mmadi, ambaye leo tumekusanyika kumsomea hitima, alizaliwa Mirontsy, hapa Ndzuani, tarehe 12 Machi 1946, mtoto wa tatu wa Mzee Mmadi Ambari na Bi Zaharia. Alisoma Kurani chuoni hapo mtaani, kisha skuli ya msingi Mutsamudu hadi mwaka 1959. Darasani hakuvuma. Masikio yake yalikuwa barabarani, yakisikiliza magari.

Fundi Sounhadj alimpokea katika gereji yake Mutsamudu, na hapo ndipo alipopata elimu aliyoipenda. Yeyote aliyeketi karibu naye alielezwa habari za thamostati, awe ameuliza au hakuuliza. "Ni bawabu," alikuwa akisema. "Injini ikiwa baridi, anafunga mlango, maji yazunguke humo humo yapate moto. Yakishapata moto, nta iliyo tumboni mwake inavimba, mlango unafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Akilala na mlango umefungwa, mmekwisha." Waliomsikia mara nyingi waliaga mapema.

Mwaka 1974 aliajiriwa Moroni kuendesha lori la serikali. Shangwe za uhuru, Julai 1975, alizisikia akiwa chini ya lori hilo. Kosa lake huko lilikuwa kosa la mtu wa Ndzuani. Alikulia penye mito. Ngazidja, kisiwa chenye Moroni, haina mto, na watu hunywa mvua waliyoihifadhi birikani. Aliona haya kubisha hodi kuomba maji ya watu kwa ajili ya gari, basi akajaza rejeta kwa maji ya visima vya pwani, ambayo yana chumvi. Chumvi ikafanya kazi yake polepole.

Januari 1977, wakati wa utawala wa Ali Soilih, ndugu zetu walionusurika mauaji ya Wakomori kule Majunga, Madagaska, walirudishwa nyumbani. Marehemu aliwachukua kutoka bandarini kuwapeleka vijijini, mchana kutwa, siku baada ya siku, hata akawa anasinzia akiwa amesimama. Alasiri moja, mlimani, mbele kidogo ya kijiji cha Vouvouni, lori lilichemka likazimika. Thamostati ilikuwa imeshikwa na kutu na chumvi, imefunga kabisa. Lori lilitakiwa bandarini kabla ya magharibi, na vijana wa kamati za mapinduzi hawakuwa watu wa kusikiliza udhuru. Nyuma ya lori alikaa binti mmoja, Anziza Youssouf, ameshika dumu la maji. Mama yake, Bi Djouhara, alikuwa amelala miguuni pake, anawaka homa.

"Dada, nipe maji hayo, gari lina kiu," alisema marehemu.

"Mama yangu naye ana kiu. Gari lako lingoje."

"Tutalala hapa!"

"Tumelala pabaya kuliko hapa, bwana dereva. Ngoja lipoe."

Hakumpa. Ilibidi marehemu akae chini, hasira zimemjaa, mpaka injini ikapoa. Kisha akaing'oa thamostati ili maji yapite bila mlango, akateremka Vouvouni kwa miguu, akabisha hodi nyumba ya kwanza na kupewa maji bila neno. Baadaye alikiri mwenyewe kwamba, kwa uchovu ule, angemimina maji baridi kwenye injini iliyochemka, nayo ingepasuka. Bi Djouhara alipona, akaishi miaka mingi ya kumtania mkwewe.

Mwaka huo huo serikali iliwaachisha kazi watumishi wake, naye akiwemo. Harusi kubwa zilikuwa zimepigwa marufuku, hivyo yeye na Anziza walioana Februari 1978 kwa chai na mkate. Kwetu mume huhamia kwa mke, lakini nyumba ya Anziza iliteketea Majunga. Marehemu alimleta Mirontsy, akacheka pamoja na waliomcheka, akafungua gereji yake.

Mwaka 2006 figo zilianza kumsumbua. Miguu ilivimba, na daktari akaagiza apimiwe maji kwa kikombe kidogo. Aliyekabidhiwa kikombe ni Bi Anziza. Ilikuwa kazi ngumu, na nyumba nzima ilichoka nayo. Marehemu aliita, "Anziza, injini inachemka." Naye alijibu, "Ngoja ipoe," kisha akaenda uani kulia.

Alhamisi tarehe 13 Novemba 2008, alfajiri, daktari alisema hakuna tena haja ya kupima. Bi Anziza alijaza bilauri, akamwinua kichwa. Marehemu aliitazama, akamtazama mkewe, akauliza, "Yote?"

"Yote, Chanfi. Kunywa."

Alikunywa taratibu, akatamka shahada, akafariki kabla jua halijachomoza.

Ameacha mjane, Bi Anziza, watoto Faouzia, Fahardine na Sittina, wajukuu, dada yake wa Ouani, na magari mengi yanayotembea kisiwani kwa mkono wake. Mola amlaze pema, wala asipate kiu tena.