Wendy Andati: Sweta Moja, Madirisha Mawili

Wasikilizaji wapendwa, salamu popote mlipo, kutoka Likuyani hadi Buyangu. Leo sauti yangu ni nzito, mnivumilie. Tunamkumbuka Wendy Andati, binti wa Malava, aliyekuwa akiandika programu za kompyuta. Wendy aliugua figo, akatuacha. Tulimzika Jumamosi kwao, Malava.

Mama yake, Mama Jescah, ni mkulima wa miwa. Wendy na dada yake Naliaka walikua na sweta moja ya shule. Sweta moja, wasichana wawili. Leo avae huyu, kesho yule. Siku moja viwiko vya sweta vilitoboka. Naliaka akachukua makasi, akakata mikono yote miwili bila kumwambia mtu. Kesho yake Wendy akasimama gwarideni kwenye baridi, mikono nje.

"Alitununia mimi na dada yake," Mama Jescah aliniambia. "Lakini waliendelea tu kuvaanga hiyo hiyo."

Alipokuwa mtu mzima, Wendy aliandikia kliniki moja ya akina mama programu. Kila mama alikuwa na dirisha lake kwenye skrini, na juu ya dirisha utepe wa rangi. Nyekundu: huyu asidungwe penisilini, itamdhuru. Kijani: hana shida nayo.

Asubuhi moja utepe wa Awinja, mama mjamzito, ulikuwa kijani. Daktari akaandaa sindano. Awinja mwenyewe ndiye aliyemzuia. "Daktari, hii si ile dawa iliniangusha?"

Lawama zote zikamwangukia nesi Nekesa, aliyekuwa kwenye kompyuta. Mwenye kliniki akamwambia afungashe virago. Wendy akaitwa kukagua. Akafungua dirisha la Awinja, akaweka nyekundu. Ikabaki nyekundu. Akafunga, akafungua tena. Nyekundu. Hapo angeweza kujiendea zake, wasikilizaji. Nani angemuuliza?

Lakini alimgeukia Nekesa, akamuuliza alifanya nini hasa.

"Dada, ya Awinja sikugusa," Nekesa akajibu akilia. "Niligusa rangi ya mama wa dirisha jirani. Madirisha yote mawili yalikuwa yamefunguka."

Wendy akafungua madirisha yote mawili. Akabadilisha rangi ya jirani iwe kijani. La Awinja nalo likageuka kijani mbele ya macho yao. Kompyuta ya kliniki ilikuwa kuukuu, na Wendy, ili kuipunguzia mzigo, alikuwa ameweka rangi moja itumiwe na madirisha yote. Rangi moja, madirisha mawili.

"Hii ni sweta yetu na Naliaka," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akamwambia mwenye kliniki: "Kosa ni langu. Huyu nesi hana hatia." Akaizima programu siku hiyohiyo, hadi kila dirisha lipate rangi yake. Pale kliniki hawakumngoja. Walimtafuta mtu mwingine. Wendy alipoteza kazi, Nekesa akabaki na yake mpaka leo.

Nekesa alikuja mazikoni. "Watoto wangu wanakula kwa sababu ya huyu dada," alisema.

Mama Jescah, Naliaka, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, mwenzetu akilaumiwa kazini, tumuulize kwanza nini kilitokea, hata kama jibu litaturudia wenyewe.

Kabla jeneza halijafungwa, Naliaka aliweka kitu ndani. Nilimuuliza ni nini.

"Ni ile sweta," akaniambia. "Sasa ni yake peke yake."