Siku Nilipoacha Kumbebesha Elie Kila Mpira

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na mlioko nje kwenye viti vya plastiki, Bwana asifiwe!

Leo mnaniona nimetulia na Biblia yangu. Zamani nilikuwa na kichwa kigumu! Nilifundisha timu ya futiboli ya Kimarekani kule mtaani Carama, mchezo wa mpira wenye ncha mbili tulioletewa na binamu yetu aliyerudi kutoka Amerika. Ah, jioni zile! Vumbi, vicheko, vijana wakija moja kwa moja kutoka bandarini. Nikizikumbuka moyo unaniuma.

Katika mchezo huo kocha huchagua: mtu akimbie na mpira katikati ya wapinzani, au urushwe mbele kwa mwenzake. Kukimbia tuliita Bandari, maana huko mtu hubeba mzigo. Kurusha tuliita Kiriri, kwa kuwa mtaa huo uko juu mlimani. Mdogo wangu Elie, mpakua magunia, alikuwa na nguvu za ajabu. Basi kila mara mimi ni kuita Bandari! Bandari! Tuliwahi kurusha mara moja, wapinzani wakaudaka, uwanja mzima ukanicheka. Nikaapa sirushi tena. Kiburi, ndugu zangu!

Wapinzani wakajua. Wakajazana katikati kumngoja Elie, wakamwacha Pierre, mdakaji wetu, peke yake pembeni. Goti lake likavimba. Nikalifunga kitambaa, nikaita Bandari. Mama akanionya, nikamwambia hajui mpira.

Siku moja Elie akaangushwa, asiinuke. Nilipomfikia akanishika mkono.

"Kaka, mi si gunia. Pierre iko pale peke yake tangu mwanzo. Usiniue juu ya ile haya yako."

Nilipiga magoti vumbini, nikalia mbele ya watu. Mungu wangu, niondolee kiburi hiki! Tukamtoa Elie nje, nikaita: Kiriri! Pierre akaudaka bila mtu kumgusa. Mechi tulishindwa, lakini mimi nilikuwa pembeni nikimkanda ndugu yangu goti kwa maji.

Timu ilitawanyika, kila mtu na maisha yake. Elie alipona polepole, na leo anatembea bila fimbo. Asante Yesu!

Ndugu yangu, labda nyumbani kwako kuna mmoja unayembebesha yote kwa sababu hakatai. Mtegemee Bwana, ukamwombe mtu huyo msamaha leo. Mimi nilichelewa, na bado Elie alinisamehe kabla sijamaliza kusema.