Aliyetufundisha Kuondoka: Nelba Arróspide na Miaka Yake katika Ronda

Ndugu msomaji, kabla ya yote nakusihi: ukimaliza kusoma karatasi hii, ikunje uiweke mahali ambapo Nelba hataiona. Usimsomee mtu kwa simu. Usiitume kwenye barua pepe ya wanachama wote, hata kama ni kusahihisha koma moja. Haya ni maneno yatakayochapwa kwenye ratiba ya sherehe yake, na mwenyewe hajui kama yapo. Akijua atapinga, na kwa kanuni aliyoiandika kwa mkono wake, pingamizi la mtu mmoja lenye sababu latosha kusimamisha jambo. Sababu hazimpungui. Tulipotaka kukipa chumba cha mikutano jina lake, alinyanyua mkono akasema, "Kitu chenye jina la mtu hufa na mtu. Kiiteni Chumba." Kinaitwa Chumba mpaka leo.

Ninafahamu kwamba Ronda haijawahi kufanya jambo kwa siri na kwamba hili ni la kwanza. Naomba lisihesabiwe kuwa desturi mpya.

Tarehe 30 Novemba mwaka huu, Nelba Arróspide atastaafu uenyekiti wa Ronda baada ya miaka kumi na tisa ya utumishi wa kujitolea. Kwa ajili ya wageni watakaoketi nasi siku hiyo: Ronda ni jumuiya yenye makao hapa Montevideo, na wanachama wake wametapakaa kuanzia Salto hadi ng'ambo ya mto, Buenos Aires. Sisi hatutengenezi programu za kompyuta. Tunawasaidia wanaotengeneza programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzitumia na kuzirekebisha, wajue namna ya kuziongoza: nani aamue, nani ashike nywila, mgeni apokelewe vipi, ugomvi umalizwe vipi, na aliyechoka aondoke vipi. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lililotuleta hapa.

Nelba alizaliwa Tacuarembó, huko kaskazini, akaajiriwa ujana wake wote kutunza kompyuta za chama cha ushirika cha maziwa. Hakuwa na haja na kamati. Kilichomwingiza ni mabasi. Vituo kadhaa vya kaskazini vilikuwa vikionyesha saa za mabasi kwa kutumia programu huria iliyotungwa na kijana mmoja, mzuri wa kazi, ambaye nywila zote alikuwa nazo yeye peke yake. Siku moja kijana akahamia shamba la nyuki, akaacha simu mjini. Majira yakabadilika, ratiba isibadilike. Majira yote ya baridi vituo vilionyesha saa za kiangazi, na watu wakawa wanasimama alfajiri kwenye majani yaliyoganda wakingoja mabasi yasiyokuwepo. Mmojawapo alikuwa Irma, dada yake Nelba, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye aliugua mapafu kwa baridi ile.

Nelba alimfuata yule kijana hadi mizingani. Wengi walitegemea angemkaripia. Alirudi na nywila, chupa ya asali, na maneno ambayo sasa kila mwanachama anayajua: "Kijana hana kosa. Hakuna aliyemfundisha kuondoka." Mwaka uliofuata yeye na wenzake wanne wakaanzisha Ronda.

Kanuni alizotuachia ni chache. Kila jambo linalowahusu wote lijadiliwe mbele ya wote. Pendekezo likikaa siku tatu bila kupingwa, limepita. Kimya ni ndiyo. Anayependekeza ndiye atakayetenda. Na anayepinga aje na sababu, na aje na mikono: aseme atabeba nini badala yake. Miradi mingi ya programu huria iliyokuwa inavunjika kwa makelele imepona kwa hiyo kanuni ya mwisho, maana wapinzani wengi wakiulizwa watabeba nini hukumbuka wana shughuli nyumbani.

Kanuni hizo zilituuma wenyewe. Mzee wetu Washington Pírez, fundi wa mitambo ya simu aliyestaafu na mtani mkuu wa Nelba, aliwahi kuandika pendekezo la mzaha kwamba kila mkutano utakaofanyika siku ya mvua uwe na maandazi bapa ya kukaanga. Aliliandika wiki ya mapumziko kabla ya Pasaka, nchi nzima ikiwa mahemani kando ya mito. Hakuna aliyelisoma. Siku tatu zikapita. Washington alipokuja kulifuta, Nelba alikataa.

"Limepita, mzee."

"Dada Nelba, ule ulikuwa utani tu."

"Nimeucheka sana. Unga unauzwa pale kona."

Tangu hapo mvua ikinyesha Washington hukaanga, na hapa kwetu mvua haina uchoyo. Nelba naye aliongeza mstari mmoja kwenye kanuni: kimya cha watu walio likizo si ndiyo.

Mafanikio yake mengine yameelezwa kwenye taarifa za kila mwaka, nami sitayarudia yote. Alipatanisha makundi mawili ya Rosario na Córdoba yaliyokuwa yakigombania programu ya maktaba za shule, kwa kuyafungia ndani ya chumba kimoja bila kuyapa ajenda. Alikataa msaada wa kampuni iliyotaka kiti cha kudumu kwenye kamati, ingawa tulikuwa hatuna hata kipasha joto. Aliwafundisha mamia ya watu kuandika maelekezo ambayo mgeni anaweza kuyafuata bila kumwamsha mtu. Na katika kila mkutano ni yeye aliyemimina chai ya yerba, ile ya majani machungu inayonywewa kwa mrija, akizungusha kibuyu kutoka mkono hadi mkono. Alisema mwenyekiti anayemimina hapati nafasi ya kuongea sana.

Linalobaki ni zito, na nimejitahidi kulisema kama lilivyotokea.

Nelba aliomba kustaafu mara tatu. Mara ya kwanza, miaka mitano iliyopita, alipendekeza aondoke arudi Tacuarembó, na Washington akapinga: ugomvi wa Rosario ulikuwa haujaisha. Nelba akabaki. Mara ya pili wanachama wa ng'ambo ya mto wakapinga kwa sababu ya ile kampuni. Akabaki tena. Pingamizi zote mbili zilijaa upendo na sifa. Hakuna hata moja iliyosema nani angebeba nini, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa aliyepaswa kuuliza ni mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa ndiye anayezungumziwa.

Mara ya tatu ilikuwa mkutano wa Aprili. Mvua ilikuwa inapiga vioo vya Chumba na Washington alikuwa ametoka jikoni, unga hadi kwenye viwiko. Nelba alisoma pendekezo lake, mstari mmoja tu. Washington hakusubiri siku tatu.

"Napinga," alisema.

"Sababu, mzee."

"Sababu unaijua. Hakuna mwingine. Funguo zote unazo wewe, nywila unazo wewe, watu wakigombana wanakupigia wewe. Ukiondoka hapa tutabaki na sahani za maandazi."

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha. Nelba aliweka kibuyu mezani.

"Hiyo si sababu ya kunizuia, Washington. Hilo ni kosa langu unalisoma kwa sauti. Tunazunguka nchi tukiwaambia watu kwamba mradi unaomtegemea mtu mmoja si mradi. Halafu mimi nimekuwa yule kijana wa mabasi. Tofauti ni kwamba yeye alipata nyuki."

Hapo ndipo Maite Bidegain, mwanachama wetu kutoka Las Piedras ambaye huandika msimbo wa programu na huongea mara chache, aliuliza swali ambalo hakuna mmoja wetu aliyekuwa ameliuliza kwa miaka mitano.

"Dada Nelba, samahani. Kwani Tacuarembó kuna nini?"

Kwa kanuni yetu, swali lililoulizwa mbele ya wote hujibiwa mbele ya wote. Nelba alijibu kwa sauti ile ile anayosomea ajenda.

"Kuna Irma. Macho yake yanazimika. Nilipoomba mara ya kwanza alikuwa bado anasoma gazeti. Mara ya pili alikuwa ananitambua nikiingia mlangoni. Sasa anaona mwanga wa dirisha, na mtu akisimama mbele ya dirisha anaona kivuli chake. Nataka nifike wakati kivuli bado kipo."

"Na hukusema," Washington alisema. "Miaka yote hii, mwanamke wewe, hukusema."

"Ningesema, nani angethubutu kupinga? Pendekezo lisiloweza kupingwa ni amri. Sijawahi kuwapa amri."

"Ulinipa ya unga."

"Ile ulijipa mwenyewe."

Hakuna aliyecheka.

Kisha Nelba alifanya kazi yake kubwa ya mwisho kama mwenyekiti. Alimuuliza Washington swali ambalo kanuni inamtaka mwenyekiti aulize, na ambalo hakuwahi kumuuliza yeyote kwa ajili yake mwenyewe.

"Umepinga, mzee. Sababu tumeisikia. Utabeba nini?"

Washington alipangusa mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta muda. Alitazama wenzake mezani na kila mmoja akatazama sahani yake.

"Leteni funguo," alisema. "Nina miaka sabini na moja, nimeshaharibu kompyuta mbili, lakini leteni. Nitabeba ugomvi wa watu. Ugomvi naujua, nimeoa mara tatu."

"Nywila nipeni mimi," Maite alisema. "Ila si peke yangu. Sitaki kuwa kijana wa mabasi."

"Ndiyo maana nasema mnipe na mimi," Washington alisema.

Pingamizi likafutwa na aliyelitoa. Siku tatu zikapita bila neno, na safari hii hakuna aliyekuwa likizo.

Tangu Aprili Nelba amekuwa akifanya kazi ya kujipunguza. Kila alichokijua ameketi nacho pamoja na Maite na Washington mpaka wakakifanya wakiwa wawili, kisha akatoka nje ya mlango wakakifanya bila yeye. Mara ya kwanza walikosea, tovuti yetu ikalala siku nzima. Nelba alikuwa ukumbini ameketi kwenye kiti, mikono mapajani. Watu walimsihi aingie. Hakuingia, nasi tuliokuwepo tuliona jinsi kutoingia kulivyomgharimu. Jioni tovuti iliamka. Washington alifungua mlango, uso umemwiva, akamwambia, "Bado upo? Si ulisema unaondoka?"

Mkutano wa mwezi uliopita ulikuwa wa mwisho kuongozwa naye. Alipofika alikuta Washington ameshachemsha maji na ameshika kibuyu. Alikaa kwenye kiti cha kawaida kama mtu yeyote. Kibuyu kikazunguka kikamfikia, akanywa taratibu hadi kikalia kwa kukauka, akakirudisha. Kila aliyekulia hapa anajua: anayerudisha kibuyu kimya anangoja zamu nyingine, na anayesema asante amemaliza, asimiminiwe tena. Katika miaka kumi na tisa, yeye ambaye humimina hakuwahi kupata nafasi ya kulisema.

"Asante," alisema.

Washington alichukua kibuyu, akajaza maji, akampa aliyefuata.

Kwa sababu hiyo sisi nasi tumeogopa kumwambia Nelba neno hilo, na katika ukurasa huu tumelihifadhi hadi hapa. Nelba, asante. Mlango wa Irma uwe karibu, dirisha liwe na jua, na kivuli chako kikae mbele yake miaka mingi. Huku tutajitahidi usihitajike. Ni salamu ya ajabu kumpa mtu tunayempenda, ila ndiyo uliyotufundisha.

Mwanachama mwenye pingamizi kuhusu maandishi haya asiandike kwenye barua pepe ya wote, maana Nelba bado huisoma kila asubuhi. Aje ofisini kwetu mtaa wa Durazno, juu ya duka la nyuzi, Jumanne au Alhamisi alasiri. Kengele ya juu ni mbovu. Abonyeze ya chini, na mwenye duka akimuuliza shida yake, aseme amekuja kuhusu maandazi. Aulizie Fermín Larralde, karani wa kumbukumbu. Aje na sababu, na aje na kalamu, kwa kuwa anayepinga ndiye atakayeandika upya. Asipotokea mtu siku tatu baada ya kupokea karatasi hii, nitahesabu kimya chenu kuwa ndiyo.